Sebule Huanza na Futi Kamba: Namna ya Kuchagua Samani na Mapambo

Kochi la kwanza nililolinunua kwa fedha zangu mwenyewe lilikaa kibarazani siku mbili, limefunikwa turubai, kwa sababu halikupita mlangoni. Uwazi wa mlango wa nyumba niliyokuwa nimepanga ulikuwa sentimita 78 baina ya fremu na fremu, na kochi lilikuwa na kina cha sentimita 95 na kimo kinachokaribiana na hicho. Fundi aliyelitengeneza alikuja na msumeno, akalitenganisha mgongo na makalio, akaliingiza vipande viwili na kuliunga tena ndani kwa misumari. Tangu siku hiyo halikuacha kulia kila mtu alipoliegemea. Kosa halikuwa la fundi, kwa kuwa alitengeneza alichoambiwa. Mimi ndiye niliyekwenda kwake nikiwa na rangi kichwani lakini sina kipimo hata kimoja mkononi.

Mwongozo huu unahusu sebule ya kawaida ya mjini katika pwani ya Afrika Mashariki, hasa Dar es Salaam: chumba cha futi 12 kwa 14 hivi, yaani kama mita 3.7 kwa 4.3, chenye mlango wa nje, uwazi wa kwendea vyumbani, dirisha moja au mawili yenye nondo na wavu wa mbu, pangaboi katikati ya dari, na mara nyingi friji na meza ya chakula vikigombea nafasi hiyo hiyo. Anayeishi Arusha au Nairobi atabadilisha machache kuhusu joto na unyevu, lakini hesabu za vipimo ni zile zile.

Kupima kabla ya kupenda

Chukua futi kamba na karatasi, uchore chumba kama kinavyoonekana kutoka juu. Andika urefu wa kila ukuta, mahali ilipo milango na upande inakofungukia, kimo cha kingo za madirisha kutoka sakafuni, na mahali zilipo soketi za umeme. Soketi ndizo zitakazoamua tivii ikae wapi, na tivii ndiyo itakayoamua makochi yatazame wapi. Ukizipuuza utaishia kuvuta waya wa ekstensheni katikati ya njia, ambao watoto wataukanyaga na wageni watajikwaa. Kisha pima njia ambayo samani zitapita kutoka barabarani: geti, ngazi na kona zake, korido, na uwazi wa mlango wenyewe baina ya fremu na fremu wakati bawa la mlango limefunguliwa, kwa kuwa bawa nalo hula sentimita chache. Kina au kimo cha kochi, kimojawapo, lazima kiwe kidogo kuliko uwazi huo, ukiacha na nafasi ya vidole vya wabebaji.

Baada ya hapo fanya hesabu ambayo watu wengi hawaifanyi. Seti inayouzwa sana kwetu ni ile ya watu saba, yaani kochi la watu watatu, la watu wawili na viti viwili vya mtu mmoja mmoja. Kochi la watu watatu huwa na urefu wa futi 7 hivi, la watu wawili futi 5, na kila kiti cha mtu mmoja futi 3, jumla futi 18 za ukuta. Kina cha kila kimoja ni karibu futi 3. Ukipanga makochi yatazamane katika upande wa futi 12, tayari futi 6 zimekwenda. Ukiweka katikati meza yenye upana wa futi 2, kila upande unabakiwa na futi 2 za kupitishia miguu ya aliyekaa pamoja na mtu anayepita na sinia la chai. Inawezekana, lakini chumba kitakuwa kama basi la abiria. Ongeza kabati la tivii, friji na meza ya chakula, na hapo ndipo mtu huanza kulaumu nyumba kuwa ni ndogo, ilhali nyumba ilijulikana ukubwa wake tangu siku ya kulipa kodi.

Njia rahisi ya kuhakikisha ni kutandaza magazeti sakafuni, yaliyokatwa kwa ukubwa wa kila samani unayoiwazia, kisha kuishi nayo siku moja nzima. Pita kutoka mlangoni hadi vyumbani ukiwa umebeba ndoo. Fungua mlango wote. Njia kuu inahitaji angalau sentimita 75, na 90 ikipatikana ni bora. Kati ya kochi na meza ya katikati acha sentimita 40 hadi 45, ili mtu afikie kikombe bila kuinuka na bado miguu yake ipite. Magazeti hayagharimu chochote na hayadanganyi.

Nani atakaa, na siku gani

Kabla ya kuamua idadi ya viti, fikiria sebule yako inavyotumika siku ya Jumanne, siyo siku ya Idi au Krismasi. Je, watoto huandikia kazi za shule hapo? Je, mnakula mkekani au mezani? Je, kuna mzee mwenye magoti yanayomsumbua? Kwa mzee, kiti chenye kimo cha sentimita 45 kutoka sakafuni na mikono imara ya kujiinulia kina thamani kuliko sofa pana ya kisasa yenye kimo cha sentimita 35 ambamo atazama na kuhitaji kuvutwa na watu wawili. Kina cha kukalia cha sentimita 50 hadi 55 huwafaa watu wengi. Zaidi ya 60 kinampendeza anayelala akitazama mpira, lakini bibi yako atakaa ukingoni muda wote, miguu ikining'inia.

Kisha fikiria ile siku nyingine ambayo maduka hayaitaji. Kwetu, siku ya msiba au ya shughuli, makochi hutolewa nje na mikeka na majamvi hutandikwa ukumbini ili watu wengi wakae. Samani zisizoweza kubebwa na vijana wanne kupitia mlangoni ni mzigo siku hiyo. Kwa sababu hii mimi hupendelea kochi moja la watu watatu, jingine la wawili, na kisha viti vyepesi viwili au stuli kadhaa zinazoingia chini ya meza, pamoja na mikeka miwili mizuri iliyokunjwa nyuma ya mlango. Watu saba watakaa, na wakija kumi na watano hakuna atakayesimama.

Kuhusu sofa ya umbo la L, ambayo sasa imeenea kila mahali, ina faida moja ya kweli: huitumia kona ambayo seti ya kawaida huiacha tupu. Lakini mpangaji aifikirie mara mbili, kwa sababu nyumba anayohamia mwakani huenda ikawa na mlango upande ule ule ambao mkono mrefu wa L unataka kukaa. Ukiiagiza, mwombe fundi aitengeneze katika vipande vinavyotengana, na kile kipande kirefu kiweze kuhamishwa kutoka kulia kwenda kushoto.

Mbao, na kile kilichofichwa ndani

Hapa ndipo fedha inapostahili kwenda, na ndipo mnunuzi anapodanganywa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa kochi likishavishwa kitambaa hakuna anayeona kiunzi chake.

Mninga umepewa heshima kwetu kwa sababu nzuri. Ukikatwa ukiwa mbichi hutoa utomvu mwekundu kama damu, na mbao zake za kahawia zenye michirizi ya rangi nyekundu au dhahabu husinyaa kidogo sana zikikauka, jambo linalofanya droo za mninga ziendelee kufunguka vizuri masika na kiangazi. Mkongo ni mzito na mgumu zaidi. Msaji, ambao wengi huuita mtiki, hupandwa katika mashamba kama Longuza wilayani Muheza, na mafuta yake ya asili huufanya ustahimili mchwa. Hata hivyo angalia ubao wenyewe, kwa kuwa mti uliovunwa ukiwa mchanga huwa na sehemu kubwa ya mbao nyeupe za nje ya gogo, ambazo hazina kinga hiyo. Katika mti wowote, hata mninga, wadudu huanzia kwenye hiyo sehemu nyeupe. Ukiona unga laini sakafuni chini ya kiti kipya, na vitundu vidogo kama vya sindano, rudisha kiti.

Paini, ambayo kwa wingi hutoka mashamba ya Sao Hill wilayani Mufindi, si mbao mbaya. Ubaya ni kuuziwa paini kwa bei ya mninga. Fundi hodari akiipaka rangi ya kahawia na vanishi, anayetazama kwa mbele hawezi kutofautisha. Kwa hiyo usitazame mbele. Inama, upapase chini ya meza, vuta droo utazame nyuma yake, tafuta mahali ambapo brashi haikufika. Inua upande mmoja upime uzito: paini ni nyepesi waziwazi. Kiunzi cha ndani ya kochi kinaweza kuwa cha paini bila aibu, alimradi mbao zimekauka, zimetiwa dawa, na viungo vyake ni vya ulimi unaoingia kwenye tundu au vimefungwa kwa gundi na skrubu. Misumari mitupu hulegea, kisha kochi huanza kuzungumza.

Ubao usiokauka ni adui wa kimyakimya. Mbao mbichi ikishavishwa huendelea kukauka ndani ya nyumba, ikapinda na kufungua viungo, hasa inaposafirishwa kutoka pwani yenye unyevu kwenda Dodoma. Gusa ubao kwa shavu au kwa upande wa ndani wa mkono. Ulio mbichi huwa na ubaridi wa kupita kawaida. Muulize fundi mbao zilikaa muda gani kwenye rafu zake, na utazame kama amezipanga na vipande vya kupitisha hewa katikati au zimerundikwa chini.

Kwa kochi lililokwisha kutengenezwa kuna jaribio moja lisilohitaji utaalamu: inua kona moja ya mbele hadi sentimita 15 kutoka sakafuni. Ikiwa mguu wa pili wa mbele nao umeinuka, kiunzi ni imara. Ikiwa bado umekaa chini, kochi linapinda kama kikapu, na miaka miwili haitapita kabla hujamwita fundi.

Sponji ndiyo ya pili. Watu huuliza unene, inchi 4 au inchi 6, wakati swali lenye maana zaidi ni msongamano wake, yaani kilo ngapi kwa kila mita moja ya ujazo. Kwa mahali pa kukalia, kilo 30 na kuendelea ni za kutegemewa. Sponji ya kilo 18 hufaa mgongoni au kwenye mito ya mapambo, lakini ukiikalia kila siku itabonyea na kubaki hivyo. Unaweza kujithibitishia kwa mizani ya dukani. Toa mto wa kukalia wenye upana wa sentimita 60, urefu wa 60 na unene wa 12.5: ujazo wake ni mita za ujazo 0.045, hivyo sponji ya kilo 30 itakuwa na uzito wa kilo 1.35, na ile ya kilo 18 itakuwa gramu 810 tu. Tofauti hiyo huisikia hata mkono. Lakini fungua zipu kabla ya kupima, kwa maana wapo wanaojaza mabaki ya vipande vilivyogandamizwa, ambayo ni mazito na hukaliwa kama mchanga. Chini ya sponji, uliza kuna nini: mikanda ya mpira iliyosukwa kwa kukazwa au springi huipa sponji maisha marefu, ilhali ubao mtupu huifanya ichoke mapema.

Kitambaa

Mahameli inapendeza sana kwenye picha. Katika chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Februari, umeme umekatika na pangaboi limesimama, utakuwa umekalia blanketi. Ngozi bandia nayo hushikana na mapaja ya jasho, na ile ya bei nafuu hupasuka na kubanduka magamba ndani ya muda mfupi, hasa pale jua la dirishani linapoifikia. Ngozi halisi ni nzuri, lakini wachache wataimudu, na mahali penye unyevu huota kuvu isipofutwa. Kinachofaa nyumba nyingi ni kitambaa kizito cha kufumwa, chenye pamba ndani yake, cha rangi ya wastani: si cheupe kinachoonyesha kila tone la chai, wala si cheusi kinachoonyesha kila chembe ya vumbi na unywele wa paka. Sisitiza mito ya kukalia iwe na zipu ili foronya zitoke na kufuliwa. Nunua pia mita moja au mbili za ziada za kitambaa hicho hicho, uziweke kabatini, kwa sababu mkono wa kochi huchakaa kabla ya sehemu nyingine na dukani hutakipata tena.

Vile vitambaa vya kufuma kwa sindano, ambavyo mama zetu waliviweka kwenye migongo na mikono ya makochi, vimedharauliwa bila haki. Vilikuwa na kazi: vilizuia mafuta ya nywele na jasho la mikono visifike kwenye kitambaa kisichofulika. Ukiona ni vya kizamani, tumia kikoi kilichokunjwa vizuri. Kazi ni ile ile.

Meza, kabati na tivii

Hapa nitapita haraka. Meza ya katikati iwe na kimo sawa na cha makalio ya kochi au chini kidogo, na pembe za mviringo kama kuna mtoto anayejifunza kutembea. Meza ya kioo huonekana haichukui nafasi, lakini humfanya mtu kuwa mtumwa wa kuifuta. Kabati la tivii la MDF au chipbodi, yaani mbao za unga au vipande vya mti vilivyogandamizwa kwa gundi, si kosa, alimradi linasimama juu ya miguu: adui yake ni maji ya kudekia, ambayo hupanda kutoka chini na kuvimbisha ubao, na ubao uliovimba haurudi. Kabati hizo pia hazipendi kufunguliwa na kuunganishwa tena kila unapohama, kwa kuwa skrubu hupoteza mshiko. Rafu ya milimita 18 yenye vitabu isizidi sentimita 80 bila mhimili, ama sivyo itapinda katikati.

Kwa tivii ya inchi 43, ambayo ulalo wake ni sentimita 109, umbali wa kati ya mita 1.7 na 2.7 kutoka machoni unatosha, na katikati ya kioo chake pawe karibu na usawa wa macho ya aliyekaa, kama mita moja na kidogo kutoka sakafuni. Kuitundika juu karibu na dari, kama ilivyo kwenye mabaa, kunaumiza shingo. Isitazamane na dirisha. Kama inakaa juu ya kabati na kuna watoto wadogo, ifunge ukutani kwa mkanda.

Kukubaliana na fundi

Ukiagiza kwa mafundi wa Keko, Dar es Salaam, au wa Ngong Road kwa walio Nairobi, picha ya simu haitoshi kuwa mapatano, kwa kuwa picha haina vipimo. Andika kwenye karatasi moja, kila mmoja abaki na nakala yake: aina ya mbao za kiunzi na za sehemu zinazoonekana, urefu, kina na kimo cha kila kipande, msongamano na unene wa sponji, jina la kitambaa na rangi yake, tarehe ya kukamilisha, na nani atagharimia usafiri. Gawanya malipo mara tatu. Ya kwanza ni ya kununulia mbao. Ya pili itolewe siku unapokwenda kukagua kiunzi kikiwa kitupu, kabla hakijavishwa, na sharti hilo liandikwe, kwa sababu hiyo ndiyo siku pekee utakapoona viungo, rangi ya kweli ya mbao na mikanda. Fundi anayejiamini atakukaribisha kwa furaha na kukuonyesha kazi yake. Anayekwepakwepa amekwisha kukujibu. Ya mwisho itolewe kochi likiwa limeingia ndani na kukaliwa.

Ukuta kabla ya sakafu

Nyumba za kale za mawe za Lamu na Unguja zilijengwa kwa boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazikuvuka nafasi kubwa, vyumba vilikuwa vyembamba, mara nyingi chini ya mita 3, ingawa virefu. Wenyeji hawakuvijaza. Walikaa pembezoni mwa kuta, na mapambo wakayaingiza ndani ya ukuta wenyewe kwa zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu kwa safu, vikabeba bakuli na sahani za kaure. Katika chumba kidogo cha leo ujanja huo ungali unafaa: badala ya shoo-keisi inayokula futi mbili za sakafu, piga rafu nyembamba za sentimita 20 ukutani, uweke vitu vichache unavyovipenda, na uache nafasi tupu baina yake. Vitu saba vilivyochaguliwa huonekana; arobaini ni ghala.

Kuta zipakwe rangi nyepesi isiyong'aa, na upake jaribio la futi 2 kwa 2 kwenye kuta mbili tofauti, ulitazame asubuhi, alasiri na usiku kabla ya kununua ndoo nzima. Picha juu ya kochi zianzie sentimita 15 hadi 20 kutoka mgongo wake. Juu zaidi ya hapo huonekana kama zimesahauliwa na mpangaji aliyetangulia. Kwenye ukuta wa tofali za saruji, msumari wa nyundo hubomoa plasta na kukugombanisha na mwenye nyumba, hivyo ni bora tundu moja la drili lenye plastiki ya kushikia skrubu.

Mapambo ya kwetu hayahitaji kusafiri mbali. Michoro ya Tingatinga, iliyoanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968, miaka minne tu kabla ya kifo chake, huchorwa kwa rangi za mafuta zenye mng'ao. Kwa sababu hiyo usiutundike mchoro ukitazamana na dirisha, maana utaona dirisha badala ya chui. Ukinunua kinyago cha Kimakonde Mwenge na ukaambiwa ni mpingo, kumbuka kwamba mpingo wa kweli ni mzito kuliko maji, na kipande chake huzama. Huwezi kukizamisha kinyago dukani, lakini unaweza kukishika kwa mkono mmoja, na kukifuta chini kwa kitambaa chenye unyevu: kikiacha weusi kwenye kitambaa, umeuziwa kiwi ya viatu.

Kanga nzuri iliyowekwa kwenye fremu, au iliyoshonwa foronya za mito, hugharimu kidogo na huleta rangi bila kununua seti mpya. Soma maandishi yake kwanza. Doti iliyobeba fumbo la kumrushia jirani haifai kuegemewa na wifi yako siku anapokuja kukusalimia.

Mapazia, zulia na taa

Pazia ni kitambaa, na kitambaa huzuia upepo. Funga fimbo yake pana kuliko dirisha kwa sentimita 20 hadi 30 kila upande, ili mapazia yakifunguliwa yakae ukutani na dirisha lote libaki wazi. Upana wa kitambaa uwe mara mbili au mbili na nusu ya upana wa dirisha. Chini ya hapo pazia hukaa kama shuka iliyoanikwa. Lishuke hadi sentimita moja juu ya sakafu. Tabaka mbili, moja jepesi la mchana na moja zito la usiku, zinatosha. Yale mapambo ya mikunjo ya juu yaliyopambwa kwa shada hukusanya vumbi na hayafuliki.

Zulia lisilogusa kiti chochote, lililokaa peke yake katikati kama kisiwa, hufanya chumba kionekane kidogo. Liwe na ukubwa wa kutosha miguu ya mbele ya makochi kulikanyaga. Lile la manyoya marefu ni gumu kusafisha, na katika nyumba yenye mtu wa pumu ni la kuepukwa. Lililofumwa bila manyoya, au mkeka mzuri wa ukindu wenye rangi, hupigwa vumbi uani na kurudi siku hiyo hiyo.

Taa huharibu sebule nyingi zilizopangwa vizuri, nayo ndiyo nafuu kurekebisha. Tazama pakiti ya balbu. Iliyoandikwa 6500K hutoa mwanga mweupe wenye ubuluu, unaofaa duka la dawa. Ya 3000K au 2700K hutoa mwanga wa manjano tulivu unaofanya mbao za mninga na nyuso za watu zionekane jinsi zilivyo. Badala ya balbu moja kali katikati ya dari, ambayo ikiwa juu ya mapanga ya pangaboi hupepesa chumba kizima, weka taa mbili au tatu ndogo: moja ya kusomea karibu na kochi, nyingine juu ya rafu. Kuhusu dari za jipsam zenye mistari ya taa za buluu na nyekundu, nitasema tu kwamba nimewahi kula chakula cha jioni chini yake na sikuweza kujua kama samaki ameiva.

Maua ya vyungu yapewe nafasi karibu na dirisha, na sahani ya chini ya chungu imwagwe maji kila baada ya siku chache na kusuguliwa. Mbu wa dengue, ugonjwa ulioisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana katika maji machache na masafi ya namna hiyo hiyo, ndani ya nyumba.

Samani zikishaingia, ziache sentimita 5 mbali na ukuta ili hewa ipite, hasa ukuta unaopigwa na mvua kwa nje. Kuvu huanzia nyuma ya kochi, mahali asipotazama mtu. Kila mwezi badilishana mito ya kukalia, ya katikati iende pembeni na ya juu igeuzwe chini. Baada ya miezi sita ya kwanza lipindue kochi, kaza skrubu zote, angalia mikanda kama imelegea, na ufagie unga wowote utakaouona chini yake ukiwa na namba ya fundi mkononi.